Taa Nyuma ya Pazia

Katika kikao cha kwanza cha kuandaa maadhimisho haya, swali lililotuchukulia muda mrefu kuliko yote halikuhusu fedha wala chakula. Tulikusudia kuandaa onyesho la ngoma katika uwanja wa hekalu, lenye muziki wa ala zinazopigwa papo hapo, taa za rangi, na picha zinazomulikwa juu ya kitambaa cheupe. Je, onyesho la namna hiyo ni ibada au ni burudani? Wazee wetu walihofu kwamba taa nyingi zingeifunika ile taa moja inayowaka mbele ya madhabahu. Vijana walijibu kwamba bila taa hizo wenzao wasingekaa kutazama. Likazuka na swali la pili. Majirani zetu, ambao wengi wao si Wahindu, na ambao miongoni mwao wamo wapiga ngoma hodari na mafundi wa umeme na sauti, wangealikwa kuketi vitini kama wageni, au wangeshiriki katika kazi yenyewe?

Usiku ule hatukupata jibu. Tulikubaliana kwamba, kabla ya kuamua, tuitazame historia, kwani sisi si wa kwanza kuukutanisha mwili, sauti na mwanga mahali pamoja. Makala haya ni matunda ya kutazama huko. Tunayaweka mbele yenu, waumini na majirani, ili mtakapoketi kutazama onyesho la mwaka huu mjue lilikotoka.

Tuanze na neno. Mswahili anaposema "ngoma," anataja kwa pamoja chombo kinachopigwa, mwili unaocheza na mkusanyiko wa watu waliokuja kushiriki. Hana haja ya kuvitenganisha. Katika Kisanskriti lipo neno linalofanana nalo kwa upana: sangita. Sharngadeva, mwanachuoni wa karne ya 13 aliyeandika kitabu cha Sangita Ratnakara, aliieleza sangita kuwa ni mambo matatu yakiwa pamoja: wimbo, upigaji wa ala na uchezaji. Kwa hiyo, lugha ya pwani hii na lugha ya maandiko yetu zinakubaliana juu ya jambo kubwa, kwamba kuwaweka mwimbaji, mpigaji na mchezaji katika vyumba mbalimbali si desturi ya asili. Asili ni kuwa pamoja.

Kabla ya Sharngadeva kuna kitabu kikongwe zaidi, Natyashastra, kinachonasibishwa na mwenye hekima Bharata. Wataalamu wengi hukiweka kati ya mwaka 200 kabla ya Kristo na mwaka 200 baada yake. Humo mna kisa kinachotuhusu moja kwa moja. Miungu walimwomba Brahma awape kitu cha kutazamwa na kusikilizwa, ambacho watu wa matabaka yote wangeweza kukifikia, maana Veda nne hazikuwa wazi kwa kila mtu. Brahma akachukua maneno kutoka Rigveda, wimbo kutoka Samaveda, ishara na uigizaji kutoka Yajurveda, na hisia kutoka Atharvaveda. Kwa kuviunganisha akaumba Veda ya tano, ambayo ni sanaa ya maonyesho. Basi sanaa hii, kwa mujibu wa maandiko yetu wenyewe, ilizaliwa kwa kuunganisha vitu vinne, na ilizaliwa kwa ajili ya wale waliokuwa wameachwa nje.

Kisa hicho kinaendelea. Onyesho la kwanza lilihusu ushindi wa miungu dhidi ya mashetani. Mashetani, walipojiona wanaaibishwa hadharani, waliliharibu. Waliwafunga wachezaji ndimi, viungo na kumbukumbu. Ndipo Vishvakarma, fundi wa miungu, alipoagizwa kujenga ukumbi wa kuilinda kazi ile. Lakini Brahma hakuridhika na kuta peke yake. Aliwaendea mashetani, akazungumza nao kwa upole, na kuwaeleza kwamba sanaa hii haikuumbwa kwa ajili ya upande mmoja, bali ionyeshe hali ya viumbe wote wa dunia tatu. Sisi tulikisoma kisa hiki mara mbili. Onyesho linalomdhalilisha jirani huharibika kabla halijaisha, na ukumbi imara hauliokoi.

Tugeukie sasa mwanga. Kabla ya umeme, wachezaji wa India walikuwa na taa ya mafuta, nayo haikuwa pambo la pembeni. Huko Kerala, katika Kathakali, taa kubwa ya shaba husimamishwa mbele ya wachezaji, katikati kabisa, ikichomwa kwa mafuta ya nazi, mafuta yale yale ambayo watu wa mwambao wetu wanayafahamu vyema. Mchezaji wa Kathakali hasemi neno. Waimbaji wawili waliosimama nyuma yake ndio wanaoimba maneno, ngoma za chenda na maddalam zinashika mapigo, na mikono na macho yake ndiyo yanayosimulia. Mwanga wa tambi unaotikisika huyapa macho hayo uhai. Anapotaka kuonekana zaidi, husogea karibu na taa. Anaporudi nyuma, nusu yake humezwa na giza. Kwa hiyo kisa kimoja kinabebwa na koo la mtu mmoja, mikono ya mwingine, ngoma ya wa tatu na moto wa taa. Mmoja akikosekana, kisa hakisimami.

Katika jimbo hilohilo kuna desturi iitwayo tholpavakoothu, michezo ya vivuli vya vikaragosi vya ngozi, ambayo hufanyika katika majumba maalumu yaliyojengwa kwenye mahekalu ya Bhadrakali. Nyuma ya kitambaa huwashwa taa 21 zilizopangwa mstari mmoja, na wasimulizi husimulia Ramayana ya mshairi Kamban kwa usiku mfululizo. Inasimuliwa kwamba Bhadrakali, akiwa vitani na shetani Darika, alikosa kuviona vita vya Rama na Ravana. Kwa sababu hiyo kisa hicho huonyeshwa mbele yake. Wasimulizi hawa huendelea hata pale ambapo hakuna binadamu hata mmoja uwanjani, maana mtazamaji wanayemkusudia yupo daima. Hapa tulilipata jibu la kwanza kwa wazee wetu. Kitambaa, taa na vivuli havikuletwa hekaluni na sinema. Vilikuwamo tangu zamani, na vilikuwamo kama ibada.

Wala hatuna haja ya kwenda hadi Kerala. Wengi wetu tunaotoka katika familia za Kigujarati tumekua tukicheza garba katika siku tisa za Navaratri, hapa Afrika Mashariki kama huko Gujarat. Jina hilo latokana na garbha, yaani tumbo la uzazi. Katikati ya duara huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa. Chungu ni mwili, taa ni uhai uliomo ndani yake, nasi tunauzunguka tukiimba na kupiga makofi. Garba ya Gujarat iliingizwa na UNESCO mwaka 2023 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu wote. Kwa bibi zetu halikuwa jambo la orodha. Walijua tu kwamba taa ikizimika, duara hukosa kitovu.

Swali lililobaki lilikuwa la zama zetu. Taa ya mafuta imekubalika, lakini vipi kuhusu umeme, filamu, na watu wa mataifa na dini mbalimbali kwenye jukwaa moja? Kwa hili tulimtazama mtu mmoja ambaye maisha yake yote yalikuwa jaribio la kulijibu.

Uday Shankar alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Udaipur. Baba yake alikuwa msomi wa Kisanskriti aliyemtumikia Maharaja wa Jhalawar. Kijana hakusomea uchezaji, alisomea uchoraji, kwanza Mumbai, kisha katika chuo cha kifalme cha sanaa jijini London. Mwaka 1923 mcheza ballet mashuhuri wa Urusi, Anna Pavlova, alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia kutunga ngoma zenye maudhui ya Kihindi. Uday alimtungia ngoma mbili, moja ya Radha na Krishna, nyingine ya harusi ya Kihindu, naye mwenyewe akacheza Krishna kando ya Radha wa Pavlova. Jicho lake la mchoraji halikumwacha kamwe. Kwake jukwaa lilikuwa turubai ambalo rangi zake zinatembea.

Baadaye aliishi Paris, ambako Mfaransa Simone Barbier, aliyemwita Simkie, alikuwa mchezaji mwenzake. Kisha mchongaji wa Uswisi, Alice Boner, akasafiri naye nchini India, wakitazama mahekalu, sanamu na ngoma za vijijini. Kutokana na safari hiyo lilianzishwa kundi ambalo wengi wa wanachama wake walikuwa ndugu zake mwenyewe. Mdogo wao, Robindra, alikuwa mtoto wa miaka kumi tu walipoondoka kwenda Ulaya. Ulimwengu ungekuja kumjua kwa jina la Ravi Shankar. Tarehe 3 Machi 1931 kundi lilifungua pazia katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées mjini Paris. Muziki ulisimamiwa na Timir Baran, mpigaji wa sarod, na ulitungwa mahsusi kwa ajili ya ngoma zile, kwa ala za Kihindi.

Mwalimu wa Timir Baran alikuwa Ustad Allauddin Khan, mwanamuziki wa Maharaja wa Maihar. Naye aliungana na kundi katika ziara ya Ulaya ya miaka ya 1935 na 1936. Tunamtaja kwa makusudi. Allauddin Khan alikuwa Mwislamu mshika dini, na papo hapo alimheshimu kwa dhati Sharada, mungu mama ambaye hekalu lake liko juu ya kilima cha Maihar. Muziki uliovisindikiza visa vya Shiva na Krishna mbele ya watu wa Ulaya ulipita katika vidole vya mtu aliyeswali sala tano. Wale wanaouliza kama jirani asiye Mhindu aweza kutupigia ngoma katika uwanja wa hekalu, jibu lao liko hapo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Uday aliacha sifa za Ulaya na Marekani, akafungua kituo cha utamaduni karibu na Almora, katika vilima vya Kumaon chini ya Himalaya, kwa msaada wa marafiki zake wa Uingereza. Aliwakusanya pale walimu ambao kwa desturi wasingekutana: Sankaran Namboodiri wa Kathakali kutoka kusini magharibi, Kandappa Pillai wa Bharatanatyam kutoka nchi ya Watamil, Amobi Singh wa ngoma za Manipur kutoka mashariki, na Allauddin Khan kwa muziki. Miongoni mwa waliofundisha alikuwamo Zohra, binti wa familia ya Kiislamu ambaye baadaye alikuwa mwigizaji mpendwa wa India yote. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Guru Dutt, ambaye baadaye alizitumia taa na vivuli katika filamu zake kwa ustadi usiosahaulika.

Ni hapo Almora, mapema katika miaka ya 1940, ambapo kazi inayotuhusu zaidi ilitengenezwa: Ramlila ya vivuli. Wenyeji wa Kumaon wana desturi yao ya muda mrefu ya Ramlila inayoimbwa, hivyo kisa hakikuwa kigeni kwao. Kigeni kilikuwa namna ya kukisimulia. Badala ya vikaragosi vya ngozi, miili ya wachezaji wenyewe ilicheza nyuma ya kitambaa kikubwa cheupe, taa ikiwa nyuma yao, na watu wa vilimani wakaketi nje chini ya anga, wakitazama vivuli vya Rama, Sita na Hanuman.

Aliyewahi kucheza kwa kivuli anajua ugumu wake. Kadiri mchezaji anavyoikaribia taa ndivyo kivuli chake kinavyokua, na kadiri anavyoikaribia nguo ndivyo kinavyopungua na kukoza. Kwa hatua chache mtu wa kawaida huwa jitu la Lanka. Lakini wawili wakipishana vibaya, vivuli vyao huungana na kuwa donge lisilo na maana. Mchezaji hana budi kugeuza ubavu, maana uso unaotazama mbele hupotea katika weusi. Hamwoni mtazamaji wala haoni anavyoonekana, kwa hiyo hutegemea jicho la mwenziwe aliyesimama upande wa pili, mapigo ya ngoma, na mkono wa yule anayeishika taa. Taa ikitetereka inchi moja, msitu mzima unayumba. Mshika taa ni mchezaji sawa na wengine, ila tu hakuna atakayeliona umbo lake.

Na lipo jambo moja ambalo kivuli hakilionyeshi kamwe. Hakionyeshi rangi ya ngozi, wala tabaka, wala dini, wala kama pambo la kichwani ni la dhahabu au la karatasi. Mfaransa, Mbengali na Mpathani, wakisimama mbele ya taa ile, wanaanguka kwenye nguo kwa weusi mmoja. Tunaona hapa ndipo penye siri ya kazi nzima ya Almora, na ndilo jambo tulilolitafuta katika historia hii. Mwanga unaowekwa mbele ya mtu humtukuza yeye. Mwanga unaowekwa nyuma ya watu hukitukuza kisa.

Hatutaki kumsifu Uday Shankar kupita kiasi. Mabingwa wa ngoma za kale walimlaumu kwamba hakubobea katika mtindo wowote mmoja, na kwamba alichanganya visivyochanganyika. Kituo cha Almora nacho hakikudumu. Vita vya dunia vilikausha mifuko ya wafadhili, na milango ikafungwa baada ya miaka michache. Akageukia sinema, akatengeneza filamu ya Kalpana iliyotoka mwaka 1948, akiiandika, akiiongoza na kuicheza mwenyewe pamoja na mkewe Amala. Humo alifanya kwa kamera yale ambayo jukwaa lilimnyima, akipandisha picha juu ya picha na kivuli juu ya mwili. Haikumrudishia fedha zake. Hata hivyo, filamu hiyo ilikarabatiwa na kuonyeshwa tena Cannes mwaka 2012, miaka 35 baada ya kifo chake.

Mwaka 1970, akiwa mzee wa miaka 69, alifanya jaribio lake la mwisho mjini Kolkata na kuliita Shankarscope. Filamu na wachezaji hai vilikutana mahali pamoja. Mtu aliyeonekana kwenye picha alitoka humo akasimama jukwaani kwa miguu yake, kisha akarudi pichani. Leo, kila kijana mwenye projekta na kompyuta anapodhani amebuni jambo jipya, na akumbuke kwamba yupo mzee aliyelifanya kwa reli za filamu.

Tungekuwa tumeegemea upande mmoja kama tungeishia hapo. Kuna Ramlila nyingine ambayo imelijibu swali letu kwa njia ya kinyume. Huko Ramnagar, ng'ambo ya mto Ganga kutoka Varanasi, kisa cha Rama huonyeshwa kwa siku 31, kikihama kutoka uwanja hadi uwanja, na watazamaji wakikifuata kwa miguu. Hakuna taa za umeme wala vipaza sauti. Kuna mienge, kandili, na koo za waigizaji. Umati huo mkubwa hunyamaza ili usikie. Ramnagar inatufundisha kwamba giza na ukimya navyo ni vyombo vya kazi, na kwamba anayeviondoa vyote amejinyima nusu ya alivyo navyo. Ngoma ivumayo haidumu.

Kwa hiyo tumeamua nini? Baada ya mashauriano tuliwarudia wazee na vijana kwa pamoja, na mpango uliokubaliwa ni huu. Onyesho litafunguliwa kwa taa moja ya samli, itakayowashwa na mama mkongwe kuliko wote katika hekalu letu, na hakuna taa nyingine itakayowaka hadi sala ya kwanza imalizike. Sehemu ya katikati itakuwa na taa za rangi na picha, kama vijana walivyoomba. Kisa cha kuvuka bahari kwenda Lanka kitachezwa kwa vivuli, nyuma ya shuka zilizoshonwa pamoja na akina mama wa hekalu. Wapiga ngoma wa mtaa wetu watakaa na wapiga tabla na dholak kwenye mkeka mmoja, na wamekwisha kufanya mazoezi pamoja kwa majuma kadhaa. Mwishoni taa zote za umeme zitazimwa, na garba itachezwa kuzunguka chungu.

Mazoezi hayo hayakuwa mepesi. Siku za mwanzo wapigaji wa pande mbili walihesabu mapigo kwa namna tofauti, kila mmoja akimwona mwenziwe amekosea. Jioni moja umeme ulikatika. Tulipokuwa tukitafuta mishumaa, mzee mmoja wa ngoma alianza kupiga polepole gizani, mpigaji wa tabla akamfuata, na hakuna aliyewaongoza. Taa ziliporudi, hakuna aliyetaka kuwasha zile za rangi. Tangu siku hiyo hawakubishana tena juu ya hesabu.

Mtakapokuja kutazama, tunawaomba mtuwie radhi kwa makosa mtakayoyaona, kwani wachezaji wetu ni wanafunzi, wauguzi na wauza duka. Tunawaomba pia jambo moja. Onyesho litakapokwisha, kabla ya kupiga makofi, tazameni upande wa nyuma ya pazia. Hapo mtamwona mtu ambaye jioni nzima ameshika taa bila kuonekana. Mpeni mkono.

Karibuni nyote, waumini na majirani.